Nta ya Nyuki wa Makote

Pale hospitalini hapakuwa na mtu mwenye mkono mtulivu kama Veridiana. Kwao ni Makote, juu Newala, ambako zamani maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa mlima kichwani, na mtoto akimwaga anaulizwa hata kabla hajatua ndoo. Mtu aliyelelewa hivyo mkono wake haukurupuki. Alisoma mpaka darasa la nne, akaolewa, akamzaa Dina, mume akafa, naye akateremka mpaka hospitali moja ya misheni upande wa Masasi kutafuta kazi. Wakampa ufagio.

Alifagia wodi miaka mitatu, kisha wakamhamishia maabara. Huko akimaliza kufagia hatoki. Anasimama pembeni, ufagio umeegemea bega, anamtazama mzee mmoja aliyekuwa akikata nyama. Nyama ndivyo walivyosema watu wa maabara, ingawa wageni walishtuka. Mgonjwa akitolewa uvimbe, kipande kidogo kinakaa kwenye dawa kisioze, kinatolewa maji yake kwa spiriti, halafu kinazamishwa katika nta iliyoyeyuka. Nta ikiganda unapata kijitofali cheupe, kama kipande cha sabuni, na ndani yake kuna mtu kidogo. Kijitofali kinafungwa kwenye mashine yenye gurudumu na kisu. Ukizungusha, kisu kinaambua utando mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu, na tando zikienda vizuri zinatoka zimeshikana, utepe mrefu. Utepe unauweka juu ya maji ya vuguvugu, unajinyoosha wenyewe, nawe unauokota kwa kioo.

Siku yule mzee alipolazwa na malaria, daktari alikuta vioo sita vimeshawekwa tando, safi kabisa, na hakuna aliyejua nani kakata. Wakaulizana. Mwishowe wakamwona mfagiaji ameinamisha kichwa.

"Ni wewe, Mama Dina?"

"Samahani, daktari. Niliona maji yanapoa."

Basi tangu hapo ufagio akapewa mwingine.

Miaka kumi na miwili baadaye ndipo alipokuja Daktari Humphrey. Alikuwa kijana bado, mtu wa Kilimanjaro, anasoma Ulaya, ana miwani na mkoba mzito asioruhusu mtu kumbebea. Akamwamkia Veridiana shikamoo, jambo lililowafanya wauguzi wapigane viwiko. Alisema anachunguza kansa kwa mwanga usioonekana.

"Usioonekana utauonaje?" akauliza Bonifasi, mkuu wa maabara, mtu mnene aliyependa kuuliza maswali ambayo majibu yake anadhani anayo.

Humphrey akatazama huku na huku, akaiona pasi ya mkaa waliyokuwa wakinyooshea makoti. Bado ilikuwa ya moto.

"Mama, naomba ukae hapa. Fumba macho."

Veridiana akakaa, akafumba. Mara akasikia joto kwenye shavu la kushoto.

"Kuna nini?"

"Pasi."

"Umeiona?"

"Nimeisikia, baba. Usinichome."

Watu wakacheka. Humphrey akasema kile alichokisikia shavuni ni mwanga, ila macho ya binadamu hayakuumbwa kuupokea. Unaitwa infraredi. Kisha akachukua kipande cha kioo cha dirisha, akakiweka kati ya pasi na shavu. Joto likakatika, kama mtu kafunga mlango. Akaondoa kioo, akaweka karatasi ngumu yenye tundu, na kwenye tundu akapachika kidude cha duara, ukubwa wa sarafu, kinachoonyesha ng'ambo vilevile kama kioo. Joto likarudi. Dogo, la mviringo, likakaa juu ya shavu lake kama ncha ya kidole.

Veridiana akafumbua macho. Akatazama kioo, akatazama kidude. Vyote viwili unaona ng'ambo yake. Lakini kwa mwanga ule kimoja ni ukuta na kingine ni dirisha.

"Kumbe," akasema.

Humphrey akaeleza, na alieleza kwa kumtazama yeye kuliko Bonifasi. Kile kidude kimechongwa kutoka kwenye madini, si mchanga kama kioo cha kawaida. Na mwilini, mafuta yana namna yake ya kutikisika, maji yana yake, protini ina yake, na kila kimoja kinanyonya sehemu yake ya ule mwanga, mwingine kinauacha upite. Mashine iliyoko chuoni kwake inapitisha mwanga katika utando wa nyama, nukta baada ya nukta, na kuandika mistari kuonyesha nini kimenyonywa wapi.

"Hatupaki rangi hata kidogo," alisema. "Nyama inajitaja yenyewe."

"Na kansa inajitajaje?" akauliza Bonifasi.

"Ndicho ninachokitafuta, mzee."

Kazi ya Veridiana ikawa hii. Kila mgonjwa anayeshukiwa kansa, akate tando mbili kwenye vioo vya kawaida, zipakwe rangi na kupelekwa Dar es Salaam kusomwa, na moja aiweke kwenye kidude cha madini, iende Ulaya. Hiyo asiipake rangi, wala asiondoe nta yake. Nta nyeupe ya maabara wanajua inanyonya wapi, kompyuta inaitoa kwa hesabu. "Nta iwe ya sanduku hili tu," Humphrey akaandika kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya mashine.

Kwa siku nyingi baada ya hapo Veridiana akipita karibu na jiko alikuwa anageuza shavu.

Halafu ikaja mvua ile ya El Nino. Barabara ya Dar ikakatika vipandevipande, magari yakalala njiani wiki nzima. Madukani Masasi vitu vilikuwa vimejaa, maana soko huria lilishaingia, sabuni za marashi, redio, mitumba mpaka barazani, lakini nta ya maabara hakuna duka linaloiuza. Sanduku jipya likakwama huko, hakuna aliyejua wapi. Lililokuwepo likabaki chini ya robo.

"Mama Dina, si kuna mishumaa?" akasema Bonifasi. "Siku hizi mishumaa ni mpaka kwa wauza vitunguu. Fanya ufanyavyo."

Akajaribu mishumaa. Joto la msimu likailainisha, utando ukajikunja na kunata kwenye kisu kama embe lililoiva kupita kiasi. Akaitupa. Vipande vikaendelea kungoja kwenye chupa, na kila chupa ina mtu wake anayengoja jibu.

Kaka yake Yeremia alikuwa na mizinga ya nyuki kule Makote. Siku alipoteremka kumletea dada yake korosho, alikuwa pia na bonge la nta, la njano, anampelekea fundi viatu mjini. Veridiana akalibonyeza kwa kidole gumba. Halikuwa gumu, halikuwa laini. Lilishika alama ya kidole bila kupasuka.

"Nigawie nusu."

"Unataka kushona viatu?"

"Nataka kushona watu."

Yeremia alicheka mpaka akakaa chini.

Alichanganya kijiko kimoja cha nta ya nyuki kwa vinne vya nta nyeupe. Utepe uliotoka siku ile ulikuwa mrefu kama mkono wake, haukukatika, na uliponyooka juu ya maji aliona huruma kuuokota. Ile karatasi ukutani aliisoma. Hakuidharau. Aliona tu kwamba nta ni kama sahani; mtu anakula wali, hali sahani. Na kama kompyuta inaitoa nta kwa hesabu, si itaitoa yote?

Bonifasi akapita, akainama juu ya kijitofali. "Mbona ina rangi ya chai ya maziwa?"

"Ni nta, bwana mkubwa."

"Haya. Mimi sijauliza."

Mpaka barabara inafunguka na sanduku kufika, wagonjwa arobaini walikuwa wamepita katika nta ya Makote, na tando zao zimekwenda Ulaya. Veridiana akarudia nta nyeupe. Jambo likaisha, au ndivyo alivyodhani.

Humphrey alirudi Juni, mwaka wa tisini na tisa. Hospitali wakati huo haikuwa na raha. Wafadhili walikuwa wamepunguza msaada, kila ofisi nchini inapunguza watu, na katibu wa hospitali, Bwana Lucian, alikuwa anaandaa orodha ya watakaoachishwa. Maabara walikuwa watatu na ilisemwa wazi mmoja atatoka. Wawili walikuwa na vyeti. Veridiana alikuwa na darasa la nne na mkono wake, na alijua kinachotafutwa ni sababu tu.

Asubuhi ya mkutano alimkuta Oliva barazani akiota jua. Huyu alikuwa mama mmoja kutoka Nanganga, ana uvimbe wa titi, na alishapangiwa kupasuliwa Alhamisi. Majibu ya Dar yalisema kipande chake kinafanana na kansa lakini hawana hakika, pengine akatwe tu.

"Mama Dina, bado hujamaliza kunikatakata?"

"Nimekukata vipande thelathini, na bado una mdomo."

"Huo mdomo ungeuanza kwanza, mume wangu angekuletea kuku."

Wakacheka wote wawili, kisha Oliva akajifunika kanga vizuri kifuani.

Mkutanoni Humphrey alibandika picha ukutani, moja baada ya nyingine, na chumba kikatulia. Zilikuwa picha za tando, lakini si kama mtu anavyoziona kwenye hadubini, zambarau na waridi. Hizi zilikuwa na bluu, kijani, njano, nyekundu, na mipaka inayopinda kama ramani ya nchi ambayo hakuna aliyewahi kufika. Mashine ilikaa siku nzima kwa picha moja, alisema, inagusa nukta, inasogea, inagusa nyingine, na tando nyingine nyingi, za kabla na baada ya mvua, bado zinangoja zamu.

Veridiana alisogea mpaka mbele bila kujua. Akakitambua kipande kimoja kwa umbo lake, kina pembe kama sikio la mbuzi. Ni cha mzee mmoja wa Lulindi. Alikishika kwa kibano, alikikata, alikiokota majini, na muda wote huo kilikuwa na nchi nzima ndani yake. Vinyweleo vya mikono vikamsimama. Alitamani kupiga magoti kama kanisani, akaona haya.

"Nyekundu hii," Humphrey akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha aliyojaribu kuizuia, "ni mafuta ya aina fulani. Wagonjwa wa Ulaya tuliowapima hawana kiasi hiki. Wa hapa wanayo. Arobaini, wote."

"Korosho hizo, daktari!" akasema Lucian. "Watu hawa korosho wanaanza nazo tumboni mwa mama."

Watu wakaangua kicheko. Humphrey hakucheka. "Inawezekana, Bwana Katibu. Sikatai." Akaendelea. Wagonjwa watano wa mwaka huu, alisema, hawana ule mstari wa mafuta hata kidogo. Anaanza kufikiri kwamba hao watano hawana kansa kabisa, na kwamba siku moja mashine itaweza kusoma hivyo: mstari ukiwepo mtu anaumwa, usipokuwepo ni mzima.

Mganga mkuu akauliza majina. Oliva alikuwa wa tatu.

Wakajadiliana. Kwa kuwa Dar hawana hakika, na kwa kuwa hakuna anayependa kumkata mwanamke titi bure, wakakubaliana upasuaji usimame. Arudi nyumbani, aje baada ya miezi mitatu, wakati huo vipimo vitakuwa vimeongezeka.

Veridiana alikuwa bado mbele, picha ziko usoni kwake. Arobaini wa nta ya Makote. Watano wa nta ya sanduku. Akahesabu tena, ikawa ileile. Akageuka, macho yake yakakutana na ya Bonifasi, na Bonifasi akaanza kukagua kifungo cha koti lake. Muuguzi alipompa Veridiana kikombe cha chai, chai ikamwagika kwenye sahani. Mkono ule. Watu hawakuona, lakini yeye aliona.

Alirudi maabara, akatoa kijitofali kimoja cha zamani, akakishika dirishani. Katikati nyama, pembeni nta tupu, njano kidogo. Alikaa nacho mpaka watu wakaanza kufunga milango. Akisema, Lucian amepata sababu yake, na hakuna mahali pengine duniani wanapomhitaji mwanamke wa kukata nyama kwa darasa la nne. Asiposema, hakuna atakayejua.

Kesho yake asubuhi alimkuta Oliva anafunga mzigo. Anafunga huku anaimba kwa pua.

"Mama Dina! Hujasikia? Pengine si kansa! Nawahi mbaazi zangu, shogaa, nilishaziaga."

"Gari lako linakuja saa ngapi?"

"Saa nne. Mbona unanitazama kama nimekufa?"

"Usipande," Veridiana akasema. "Kaa hapo kwanza." Akaondoka haraka, na yeye si mtu wa kwenda haraka.

Humphrey alikuwa anapanga vidude vyake kwenye boksi la pamba. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba, nina swali. Ulishawahi kutazama nje ya nyama?"

"Nje kivipi?"

"Pembeni. Kwenye nta tupu, ambako hakuna mtu. Nyekundu ipo?"

Humphrey akaweka chini kidude alichoshika. "Mashine ni ya polepole. Ili kuokoa muda tulipima ndani ya nyama peke yake." Akavua miwani. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Hao arobaini niliwatia nta ya nyuki."

"Ya nini?"

"Ya nyuki. Ya kaka yangu Yeremia, Makote. Sanduku lilikwama. Hao watano ni wa nta yako."

Kijana yule akakaa juu ya kreti la soda.

"Nilibandika karatasi," akasema.

"Niliisoma."

"Miaka miwili, mama. Nimewasimulia maprofesa wangu. Nimeshaandika kurasa sitini!"

"Nilidhani nta ni sahani tu, baba. Kabla hujanikasirikia vizuri, Oliva amefunga mzigo. Gari lake saa nne."

Humphrey akaruka, akaenda mbio kwa mganga mkuu, koti linapepea. Veridiana akabaki amesimama palepale. Humphrey aliporudi, hasira ilikuwa imemwishia njiani, au imechoka. Aliokota picha ya mzee wa Lulindi, akaitazama.

"Nta ya nyuki ina kitu kinachofanana sana na mafuta ya mwilini," alisema polepole. "Mstari wake unaangukia palepale. Nta ya sanduku haina. Kwa hiyo kompyuta ilitoa nta yangu ikaacha yako." Akatikisa kichwa. "Mashine iko Ulaya, kwenye chumba kisicho na hata dirisha, na imewaona nyuki wa Makote."

"Kijiko kimoja kwa vinne," akanong'ona Veridiana. "Imekiona?"

"Imekiona kwa kila mtu. Mara arobaini."

Veridiana alikuwa anaogopa, na bado kitu fulani kifuani mwake kilikuwa kinapanda kama maziwa jikoni. Nyuki walikwenda kwenye maua ya miti ya bondeni, Yeremia akafukiza mzinga, yeye akakoroga kwa kijiko, na mwanga usioonekana ukayataja yote hayo bila mtu kuuambia.

Ofisini kwa Lucian mambo yalikuwa mafupi.

"Nani alikutuma uchanganye?"

"Nilijiamulia."

Bonifasi alikuwa mlangoni. Alikohoa. "Mimi nilimwambia afanye afanyavyo. Na rangi niliiona, nikasema sijauliza."

Lucian aliwatazama wote wawili, akachukua kalamu. "Wewe una cheti, Bonifasi. Kaa kimya." Akaandika jina la Veridiana kwenye orodha, bila chuki, kama mtu aliyepata kitasa kinachoingia mlangoni.

Lakini Humphrey alisema nyama zenyewe bado zipo. Vijitofali vyote arobaini vimo kabatini. Nta inaweza kuyeyushwa, nyama ikaoshwa na kutiwa nta safi, tando zikakatwa upya. Kazi ya taratibu, kipande kikikauka au kikivunjika hakuna kingine, na wengine kati ya hao arobaini wameshazikwa. Akauliza nani ataifanya. Wale wawili wenye vyeti wakatazamana.

"Amalize kwanza," akasema Lucian, "ndipo aende."

Oliva alipasuliwa Alhamisi ile, kama ilivyopangwa mwanzo. Kile kilichotolewa kikaja maabara, na safari hii Dar hawakuwa na shaka. Ilikuwa kansa, lakini ilikuwa bado haijasafiri. Alipoweza kutembea alikuja kusimama mlangoni mwa maabara, mwembamba, kanga imelala upande mmoja. Hakutania. Alikaa kwenye benchi akamtazama Veridiana akifanya kazi mpaka muuguzi alipomfuata.

Kazi ile ilichukua wiki saba. Kila kijitofali kikiyeyuka, harufu ya asali ilijaa chumbani, na kipande kikabaki chini ya chombo kidogo kimelala, kijivu, hakina kitu. Alikiosha mara tatu na kukitia nta nyeupe mara tatu. Bonifasi siku hizo ndiye aliyembebea maji.

"Punguza mwendo, Mama Dina," alimwambia siku moja kwa sauti ya chini. "Hawa arobaini wakiisha, na wewe umekwisha."

"Najua."

"Basi?"

"Basi niletee maji, yamepoa."

Alimaliza siku ya Jumanne. Juu ya hao arobaini aliongeza tando mbili zisizo na mtu, moja ya nta nyeupe tupu, moja ya nta ya nyuki tupu, ili mashine izione zenyewe. Akafuta kisu, akakipaka mafuta, akakivika ala yake. Ijumaa alipanda gari kwenda Newala, na kutoka hapo akatembea mpaka Makote.

Mwezi wa Novemba alikuwa uani kwa Yeremia, anamenya muhogo, aliposikia gari la hospitali likikoroma kwenye mchanga. Humphrey akateremka, shikamoo imetangulia kabla hajafunga mlango. Mkononi ana bahasha kubwa. Akaketi kwenye kigoda kama mtu wa nyumbani, akafunua.

Picha ya kwanza ilikuwa ya nta ya nyuki tupu, na ilikuwa nyekundu kutoka pembe mpaka pembe, kama kidonda. Ya pili, nta nyeupe, haikuwa na kitu. Zilizofuata zilikuwa za wale arobaini.

"Nyekundu imeondoka," akasema. "Nilitupa kurasa zangu sitini. Sasa tazama kilichokuwa chini yake."

Alimpa picha ya Oliva, aliyopima upya pamoja na wengine, maana ndiyo iliyokuwa wazi kuliko zote. Upande mmoja kijani, tulivu. Upande wa pili bluu iliyochafuka. Kati ya pande hizo kulikuwa na ukanda mwembamba wa rangi nyingine, hafifu sana, unaopinda pamoja na mpaka.

"Kwenye hadubini huu ukanda haupo. Nyama yake inaonekana nzima kabisa. Lakini mwanga unasema imeshaanza kubadilika. Nimeuona kwa wagonjwa ishirini na saba. Sijui bado ni nini, mama, na safari hii sisemi upesi. Ila ule wekundu ungeufunika daima."

Veridiana alikaa na picha magotini. Yeremia alikuja akachungulia, akauliza hiyo ni nchi gani. Veridiana alikuwa anapitisha kidole juu ya ule ukanda bila kuugusa. Hapa Oliva mzima, hapa Oliva mgonjwa, na hapa katikati jambo lenyewe likiwa linatokea, kimya, wakati yeye mwenyewe alikuwa anaota jua na kutania habari za kuku. Macho yalimjaa maji na hakujisumbua kuyafuta.

Baada ya muda aliinama zaidi.

"Na huu mstari mweupe?"

Ulikuwa mwembamba kama unywele, umenyooka, unakata picha kutoka juu mpaka chini.

"Huo si kitu. Mashine wakati mwingine inakosea."

"Haikukosea. Hiyo ni alama ya kisu changu." Akaonyesha kwa kucha. "Kina pengo dogo upande wa kushoto, nilikuwa nalikwepa. Siku ya Oliva sikulikwepa. Hata hilo limeonekana?"

Humphrey akaitwaa picha, akaivua miwani, akaivaa tena. Akacheka kidogo, peke yake. Kisha akatoa karatasi nyingine kwenye bahasha, yenye muhuri wa Lucian. Si ajira ya zamani, alieleza, wala haina pensheni. Mkataba wa mwaka mmoja, na mwaka ukiisha watazungumza tena. Yeye ndiye aliyeuomba, maana tando walizomtumia tangu Septemba zimekunjamana zote.

Veridiana aliisoma karatasi polepole, mara mbili.

"Kisu nani anakinoa sasa?"

"Nadhani hakuna."

"Miezi mitatu!" akasema kwa uchungu kabisa, kama ameambiwa mtoto hajaogeshwa. Akasimama, akakung'uta maganda ya muhogo kwenye kanga, na kumwita Yeremia aje amalizie kumenya.